Unga wa Kijani na Gauni la Mwaya

Jumanne, 13 Mei 2025

Mwanangu Kisa sasa hivi amenitia kidole tumboni, kikazama, akacheka. Akakitoa. Akakitia tena. Ana mwaka na miezi miwili na tayari amejua mama yake ni godoro.

Nimembusu hivyohivyo. Lakini nimeumia.

Gauni la kwaya limefika leo kutoka kwa fundi. Kitenge cha zambarau, kola nyeupe, wanawake wote sawa. Fundi alitaka kunipima upya, ila siku ile Felista, mwenzangu wa kwaya, alikuwa amesimama palepale anasikiliza. Nikasema tumia vipimo vya zamani, mimi sijabadilika. Leo gauni limepita kichwani, limepita mabegani, likakwama. Halishuki, halipandi. Mama mkwe ilibidi anitoe humo kama anamenya ndizi mbichi, huku akiuliza ni nani kanidanganya kwamba sijabadilika.

Kitenge kimekwisha dukani. Kwaya inakwenda kuimba kanisa la Mwaya Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni, na asiye na sare hasimami. Felista amesema kwa upole kwamba yuko tayari kunishikia nafasi yangu ya mstari wa mbele. Felista akisema kwa upole ujue ameshapanga.

Siku ishirini na sita. Nimefunga kula jioni. Nimefungua tena saa mbili, kulikuwa na dagaa wa usipa wa kukaanga.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepata njia. Marystella, yule mwenye saluni pale njia panda ya Talatala, aliyekuja huku kumfuata mumewe wa ofisi ya kilimo. Anauza unga wa kijani wa kupunguza tumbo. Amenionyesha kwenye simu picha za wanawake, kabla na baada. Mmoja kabla alikuwa kama mimi. Baada alikuwa kama ufagio, na anatabasamu.

Nimemuuliza, dada, je, kwa mtu anayenyonyesha? Akasema mdogo wangu, hii si dawa, ni lishe, ni majani matupu, mbona mbuzi anakula majani na ananyonyesha mapacha. Hapo nikakubali. Niliishia darasa la saba, lakini mbuzi nawajua.

Tumebadilishana kwa mchele wangu. Nikampimia kama tunavyopima sisi, sado imejaa mpaka kilele kinamwagika, halafu konzi mbili za nyongeza juu. Yeye akanionyesha kijiko chake cha plastiki. Kijiko kimoja asubuhi, akasema, na ukisawazishe kwa kisu.

Kusawazisha kwa kisu. Hapa kwetu mtu akisawazisha kipimo wateja wanahama meza. Watu wa mbali wana mkono mgumu, nimewasamehe. Nyumbani nimejaza kijiko kilele na nimeweka nyongeza. Halafu kingine jioni, maana Mwaya haingoji.

Ladha yake ni kama kulamba ukuta wa choo. Maana yake kinafanya kazi.

Kopo nimelificha ndani ya pipa la mchele. Mama mkwe akiuliza, nitasema ni dawa ya minyoo.

Jumanne, 20 Mei

Nilitaka kujua nimepungua kiasi gani. Mizani iliyopo karibu ni ya kakao, pale chama cha ushirika. Nikangoja foleni ipungue, nikampa mama mmoja Kisa, nikapanda juu ya ubao kati ya magunia mawili. Karani hakucheka hata kidogo. Akaniuliza kwa sauti ya kazi kama nimekauka au bado nina maji, kwa sababu yeye hapokei kakao mbichi.

Wanaume wote waliokuwa pale walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nimejibu ninaanikwa.

Nimepungua kilo tatu kutoka zile za kliniki wiki iliyopita. Tatu, kwa siku nne tu. Nilirudi nyumbani nikicheza na Kisa mgongoni. Njiani nikakutana na baba mkwe. Kama ilivyo desturi yetu, mkwe na baba mkwe hawatazamani, basi nikatoka barabarani, nikajifunika khanga, nikageukia shamba la migomba mpaka hatua zake zikapita. Jina lake silitaji hata kwenye daftari hili. Siku hizi wapo wasiojali, lakini nyumba hii ni ya kizamani, na mimi nataka kusifiwa.

Alipopita alimwambia Kisa, mjukuu, mwambie mama yako mgongo wake umekuwa mdogo.

Hata yeye ameona! Na ameona mgongo tu.

Jumapili, 25 Mei

Gauni limefika kifuani. Nafasi iliyobaki ni mbavu na haya mengine.

Mazoezi ya kwaya baada ya ibada. Felista aliniangalia juu mpaka chini, akauliza natumia nini. Nikasema sala. Akasema sala yangu inanuka majani.

Tatizo moja dogo. Chakula kinanikimbia. Leo mama mkwe kapika mbalaga, ndizi zimeiva vizuri na nazi imekolea, chakula ambacho siku zote nasafisha chungu kwa kidole. Kilipofunuliwa tu, tumbo likapanda kooni. Nikatoka nje. Niliporudi mama mkwe alikuwa amekaa ananitazama, mikono magotini, kwa furaha na hasira pamoja.

Amesema ana macho. Amesema hakuna haja ya kumficha mtu aliyezaa saba. Amesema Aliko, mume wangu, alikuja mwezi wa nne kutoka mpakani Kasumulu, na yeye anajua kuhesabu.

Nikamwambia mama, sina mimba. Akasema basi hiyo isiyo mimba inakataa mbalaga. Akasema maziwa ya mwenye mimba yanamharibu mtoto, na kuanzia Jumatatu ijayo Kisa anaachishwa ziwa, atamlaza yeye chumbani kwake, apende asipende.

Kisa alikuwa ananyonya wakati huohuo. Ameshika kola yangu kwa mkono mmoja, jicho moja limefumba, lile jingine linanilinda. Nimemwambia kwa siri kwamba hakuna anayemchukua popote. Yeye ni wangu mpaka atakapochoka mwenyewe.

Nikisema ukweli kuhusu unga, naachishwa unga. Nisiposema, Kisa anaachishwa ziwa. Nimewaza mchana kutwa. Nimeamua: naongeza unga nimalize haraka, gauni likiingia naacha, na mimba ikikosekana mama mkwe ataona mwenyewe. Mpango mzuri. Sijui kwa nini watu wanasema mimi sifikiri.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekuwa mweupe.

Nimeona leo kwenye kioo cha saluni. Rangi imetakata, ina njano ya ndizi mbivu. Marystella akapiga makofi, akasema hii haijawahi kutokea kwa mteja wake mwingine, akanipiga picha nne. Kesho nitakuwa kwenye simu za watu hadi Mbeya, upande wa baada.

Mkojo ni mweusi kama chai iliyochemka mara tatu. Marystella anasema ni mafuta yanatoka. Na mwili unawasha, hasa nyayo. Anasema ni ngozi ya zamani inaaga. Nikasema je, hapa kulia chini ya mbavu, panapouma kama mtu kaniegemea? Akafikiri kidogo. Akasema hapo ni ini linasafishwa.

Nimefurahi kusikia kumbe nina ini chafu, na sasa linashughulikiwa.

Mama mkwe hajaona rangi. Baba mkwe anashinda nyumbani siku hizi, anakausha kakao uani, basi mimi natembea nimeinama na khanga mpaka kwenye pua kutwa nzima. Mama mkwe amewaambia majirani kwamba mkwe wake amepata adabu. Mimi kuinama kwenyewe kunanisaidia, maana nikinyanyua kichwa nyumba inazunguka.

Gauni limepita tumboni. Limebaki kufunga zipu.

Jumatatu, 2 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumchukua Kisa. Mama mkwe akaja na khanga mpya ya kumbebea. Nikamwambia mama, subiri hadi Pentekoste ipite. Akasema mimba haijui Pentekoste.

Odilia ndiye aliyeharibu. Odilia ni muuguzi wa zahanati, ametokea Songea, amepanga chumba kwa jirani. Kwao sijui wana desturi gani, kazi yake ni kumkazia mtu macho. Alikuja kuomba moto wa jiko. Akanisalimia, ndaga, Mama Kisa, kwa ile salamu yake ya Kinyakyusa cha kujifunza. Nikaitika nikiwa nimeinama. Akanishika kidevu. Mimi, mama wa mtu, nashikwa kidevu kama mbuzi wa mnadani.

Akasema macho yako ni ya njano.

Nikamwambia ni rangi imetakata. Akasema rangi haitakati ndani ya jicho. Akaniuliza mkojo, nikasema mambo ya mkojo wangu ni yangu. Akaniuliza nimekunywa nini, nikasema maji na sala. Akasema dada, twende hospitali kesho asubuhi, hili si la kungoja, ini lako linalia. Nikasema nitakwenda Jumatatu ijayo, baada ya Mwaya. Akasema unaweza usiifikie hiyo Jumatatu.

Wivu tu. Yeye mwenyewe hawezi kuingia gauni langu.

Lakini mama mkwe alisikia. Ameniacha na Kisa kwa leo, amekaa kimya, na yeye akikaa kimya ni hatari.

Mchana nimevaa miwani ya jua ya Aliko. Nimetwanga nayo. Nimepepeta nayo. Nimechota maji nayo. Watoto wa jirani wamenifuata hadi bombani wakiniuliza kama nimekuwa dereva wa lori.

Jumanne, 3 Juni

Naandika nikiwa hospitali Kyela mjini. Penseli nimemwomba mtu.

Asubuhi nilikuwa natwanga, miwani machoni, Kisa mgongoni. Mtwangio ukawa mzito. Nikauliza nani ameshika upande wa pili. Halafu nikaona kinu kiko juu na mimi niko chini. Jambo moja nalikumbuka: nilianguka kifudifudi makusudi, nisimlalie Kisa. Nikamsikia analia, nikajua mzima, nikaacha mengine yaende.

Odilia alipiga kelele. Gari hakuna. Kilichokuwepo ni toyo ya baba mkwe, ile pikipiki ya magurudumu matatu anayobebea kakao. Sasa mtu afanyeje? Mbele kiti ni kimoja na yeye ndiye dereva. Nikapakiwa nyuma juu ya magunia, nimempa mgongo, nimefunikwa khanga mbili gubigubi, Odilia ameshika miguu, mama mkwe ameshika kichwa, Kisa katikati. Watu wa Talatala walivua kofia. Walidhani nimeshakufa. Nikamsikia Felista barabarani anauliza mazishi ni lini, na kama nitavikwa gauni la kwaya.

Nikafunua khanga nikamwambia sijafa. Mama mkwe akanifunika tena, akasema baba yuko mbele.

Baba mkwe alikuwa anaongea na Kisa njia nzima bila kugeuka. Mjukuu, mwambie mama yako ashike kamba, kuna shimo. Mjukuu, mwambie mama yako kuna shimo lingine. Mjukuu, muulize mama yako kama bado yupo.

Kisa akasema ba.

Alhamisi, 5 Juni

Wamechukua damu mara tatu. Malaria hakuna. Mimba hakuna. Mama mkwe aliposikia mimba hakuna alimtazama daktari kama kamtukana. Virusi vya ini hakuna. Lakini ini limeumia sana, daktari anasema, vipimo vyake vimepanda vibaya mno, na hajui kwa sababu gani. Asipojua sababu hawezi kujua linaelekea wapi. Na mpaka ajue nimemeza nini, Kisa asinyonye.

Jana aliuliza dawa gani nimekunywa. Nikasema hakuna. Akauliza mitishamba. Hakuna. Akauliza mara ya tatu, polepole, kama mtu anayebembeleza kuku aingie bandani. Nikasema daktari, sijanywa dawa yoyote. Ni kweli. Kwenye kopo imeandikwa kwa herufi kubwa SI DAWA. Mimi sisemi uongo hospitalini.

Tena nikisema, Jumapili sitoki humu.

Usiku wa jana Kisa alilala na bibi yake kwa ndugu wa mjini. Maziwa yamenijaa, yanauma, nimeyakamua kwenye kikombe na kumwaga. Nimeyatazama yanavyokwenda kwenye bomba. Sikutaka kuyaandika hayo, nimeyaandika.

Leo asubuhi nikasikia sauti nje ya dirisha la wodi. Nikachungulia. Baba mkwe amesimama kwenye majani, amenipa mgongo, koti lake la kanisani, kofia mkononi. Kisa yuko begani kwake, ananitazama mimi, ananyoosha mikono. Na mkono mwingine wa mzee, nyuma ya mgongo, umeshika kopo langu la kijani. Mama mkwe alimtuma apekue nyumba, akalifikia chini ya mchele.

Nikajifunika haraka. Ndiyo, nikiwa na ini bovu na dripu.

Akasema, mjukuu, muulize mama yako, hiki ndicho alichokunywa?

Nikanyamaza.

Akasema, mjukuu, mwambie mama yako babu ametoka Talatala alfajiri, hana haraka, atasimama hapa.

Nikanyamaza. Kisa akaanza kulia, ule mlio wa kutaka ziwa. Wagonjwa wote wakageuka. Mama wa kitanda cha pili akaniambia, we mwanamke, jibu.

Halafu sauti ya mzee ikawa ndogo. Akasema, mjukuu, mwambie mama yako babu hana mkwe mwingine wa kumpa mgongo.

Nikalia ndani ya khanga. Nikasema, Kisa, mwambie babu ndicho. Mwambie vijiko viwili kwa siku, baadaye vitatu. Mwambie vimejaa kilele, na nyongeza juu.

 Mzee akavaa kofia, akaivua tena, akaenda kumtafuta daktari na kopo lake.

Daktari amekuja. Amesoma kopo, akalinusa, akasema ameshawaona wengine wa namna hii, wanaokuja wamechelewa. Akasema majani nayo yana nguvu, na ini haliulizi kama kopo limeandikwa dawa au lishe. Akauliza nyongeza ni nini. Mama mkwe akamweleza. Daktari akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunika uso kwa makaratasi. Sijui alikuwa anacheka au analia. Yeye ni mtu wa Singida.

Jumapili, 8 Juni, Pentekoste

Wako Mwaya sasa hivi. Wanaimba.

Odilia amenionyesha picha kwenye simu. Felista yuko mstari wa mbele, katikati, katika gauni langu. Lake lilichanika wakati wa kupanda gari, akakimbia kwetu, mama mkwe akampa langu. Limemkaa kana kwamba alipimwa yeye.

Nilimwambia Odilia sijali. Nikamwomba aikuze picha nione kama zipu imefunga. Imefunga.

Vipimo vimeshuka kidogo. Daktari amesema wiki hii ndiyo ya kutazama. Kama ningeendelea hadi leo, amesema, asingekuwa anaongea na mimi. Hakumaliza. Nilimwelewa.

Jumanne, 17 Juni

Nyumbani. Macho yamerudi meupe, yamebaki na njano kwenye pembe tu. Mkojo ni mkojo. Jana nilikula mbalaga sahani mbili, mama mkwe alikaa kunitazama kama mtu anayeangalia mpira.

Daktari amesema Kisa anaweza kunyonya tena. Amesema nisimeze kitu chochote, si unga, si majani, si mizizi, si vidonge vya dukani, bila kumwonyesha Odilia kwanza. Ini bado ni bichi. Na chochote ninachomeza kinakwenda kwa mtoto. Alinifanya nirudie maneno yake mara mbili mbele ya mama mkwe. Nimerudia. Nimeapa. Baba mkwe alikuwa nyuma ya mlango, nikasikia anamwambia Kisa, mjukuu, umesikia, wewe ni shahidi.

Kopo nimelichoma mwenyewe. Marystella alikuja kuomba radhi, akalia, nikampa ndizi. Nimejifunza. Nataka iandikwe hapa kwamba nimejifunza.

Ila maziwa yamepungua. Siku zile za wodi yamekauka upande mmoja kabisa. Kisa ananyonya, anaacha, ananitazama, ananyonya tena, halafu anapiga kifua changu kwa kiganja kama mtu anayegonga mlango wa duka lililofungwa. Nikimwona hivyo moyo unanikatika. Odilia anasema nimnyonyeshe mara nyingi tu, nile, ninywe maji, yatarudi yenyewe. Lini? Hakusema lini.

Sasa yule mama wa kitanda cha pili, wa Ngana, mtu mzuri sana, amenitumia kichupa kupitia bodaboda. Matone ya kurudisha maziwa. Yeye alitumia kwa mtoto wake wa nne, akanyonyesha mpaka akachoka. Nimeyafikiria vizuri, si kama ile mara ya kwanza. Ule ulikuwa unga, haya ni matone. Ule ulikuwa wa kijani, haya ni ya kahawia. Ule ulikuwa wa tumbo langu, na hapo nilikosea, ulikuwa ubinafsi. Haya ni ya mtoto. Daktari alisema nisimeze, na haya yanawekwa chini ya ulimi.

Odilia nitamwonyesha, nimeahidi. Nitamwonyesha yakishafanya kazi, afurahi.

Nimejaribu matatu tu sasa hivi. Yana uchungu mzuri. Nahisi kama upande wa kushoto umeanza kujaa, au ni Kisa ameniegemea. Nikiona kimya mpaka mchana naongeza, maana mtoto hawezi kungoja, na tena huyu mama wa Ngana kasema kwamba wengine huwa

Odilia yuko mlangoni. Anauliza nafanya nini humu muda wote huu na mlango umefungwa. Nimemjibu nakunywa maji, dada. Anasema nifungue anione macho kwenye mwanga, anasukuma mlango, na Kisa ameshika kichupa, hataki kukiachia, na kizibo chake sijui kimeangukia